Anwani Mia Sita za Mama Fremu

Jina la Mama Fremu alibandikwa na wateja, kwa kuwa huu mwaka wa kumi na nne mikono yake haijaachana na gundi wala vumbi la mbao. Kazi yake ni kutia picha kwenye fremu. Mpelekee picha iliyokunjamana kama uso wa mtu aliyekatizwa usingizi, atakurudishia uipende upya.

Mambo ya barua pepe aliletewa na wifi yake, karani mmoja mwenye maneno kama redio. Jumamosi moja wifi alijikalia nyuma ya kaunta na kitabu cha oda, akachapa kwenye kompyuta anwani zote ambazo wateja waliziacha ili wajulishwe picha zao zikiwa tayari. Zikafika mia sita na ushei. Kila Ijumaa zikawa zinapokea salamu: "Habari njema! Tuletee picha nyingine!"

Wiki ya tatu akaingia mwalimu mmoja mstaafu, kofia mkononi.

"Mama Fremu," alisema taratibu, "ile picha ya mke wangu niliileta siku mbili kabla ya maziko. Nyingine sina. Sasa hizi barua zenu nizifanyeje?"

Mama Fremu akaweka gundi chini.

"Nisamehe, mwalimu. Ulinipa anwani nikuite uje kuchukua picha, si nikupigie kelele." Akaifuta anwani pale pale, mwalimu mwenyewe akishuhudia.

Wifi alipokuja, akapewa habari kabla hajaketi. "Tunaandika barua moja tu, ya kuomba radhi na kuuliza nani anataka kuandikiwa. Asiyejibu, tunamfuta."

"Umfute? Watu mia sita, wifi! Uko sawa kweli?"

"Kitabu changu, anwani zao."

Wakajibu hamsini na watatu. Wifi akanuna wiki nzima.

Kisha Mama Fremu akaweka kadi ya kujiandikisha kaunta: barua moja kwa mwezi, anwani yako hapewi mtu mwingine, na ukichoka, bonyeza mstari wa chini wa barua ujiondokee bila maswali. Wifi alitaka kisanduku cha "ndiyo" kichapwe na alama yake kabisa, eti kuwapunguzia watu kazi.

"Alama ataitia mteja mwenyewe," Mama Fremu akakata shauri.

Barua ya kwanza ilihusu kukinga picha na jua, imeandikwa vile vile anavyoongea. Watu kumi na mmoja wakamjibu. Mmoja aliuliza afanyeje na ukungu ulioanza kula sura ya babu yake, na Mama Fremu akamjibu kirefu, kidole kimoja kimoja.

Mwalimu alirudi kubadilisha kioo kilichopata ufa. Aliisoma kadi yote, akairudisha mahali pake. Mama Fremu akaendelea kukaza misumari huku wakizungumzia mvua.

Siku moja wifi akaipitia orodha mpya mara mbili.

"Mbona mimi simo?"

"Kwani ulijibu?"

"Mimi ni wa nyumbani, bwana!"

"Kadi ile pale."

Wifi akasonya, akaanza kutafuta kalamu.