Tonai na Heishichi Katika Nyumba ya Kiapo

Naweka pishi nzima ya mchele hapa kwamba hakuna atakayeniamini, na mchele wenyewe nitarudi nao nyumbani: shamba letu la mtoni liliokolewa na bakuli la uji wa mtama.

Mto ulihama. Mafuriko yaliusukuma, ukaliacha shamba letu la mpunga ng'ambo, upande wa msimamizi wa ardhi, yule aliyewekwa na watawala wa kijeshi wa mji wa Kamakura. Akasema mpaka ni mto, kwa hiyo shamba ni lake. Sisi tukasema mpaka ni mkondo wa zamani. Bila shamba lile, nusu ya kijiji ingetafuna magome ya miti kabla baridi haijaisha.

Wakata kesi wakaamua: kila upande utoe mtu aape mbele ya miungu kwamba mpaka wao ndio wa kweli, kisha wote wawili wafungiwe hekaluni siku saba. Atakayetokwa damu puani, atakayenyewa na ndege, atakayetafunwa nguo na panya, au atakayepaliwa akila, huyo ndiye mwongo, na upande wake umekosa shamba.

Sisi tulimtoa Tonai, mtu mwenye mdomo kuliko wote, ukiniondoa mimi. Msimamizi akamtoa Heishichi, mchunga farasi wake, naye si haba. Kuhani mzee akakaa katikati akiwatazama.

"Kaka Tonai," Heishichi alianza, "pua yako hiyo kubwa, si ungeiacha nyumbani? Hapa inahatarisha kesi."

"Wewe angalia nguo zako. Zinanuka farasi. Panya wataziona karamu."

Maneno yalikuwa mepesi, tahadhari ilikuwa nzito. Chooni walikwenda wamejifunika kofia pana za majani, wakikimbia kama wanaokwepa mishale. Nguo walizilalia. Kila tonge walilitafuna hadi likawa maji, na kila mmoja alisubiri mwenzake ajaze kinywa ndipo amchekeshe.

Asubuhi ya mwisho Tonai aliamka, akahisi kitu cha moto kinateremka puani.

Heishichi alikiona. Akasogea, polepole. "Mzee, hebu mtazame huyu."

Tonai alifumba macho. Aliwaona watoto wake, akamwona mke wake akichimba mizizi kwenye theluji. Kuhani akamshika kidevu, akampangusa kwa karatasi nyeupe, akaipeleka dirishani. Akaigeuza huku. Akaigeuza kule.

"Kamasi," akasema.

Tonai akakaa. Ukaletwa uji. Tonai hakuthubutu kuonja. Heishichi yeye alichota, akapiga funda.

"Kaka Heishichi," Tonai akasema kwa sauti ya chini, "unajua kwa nini kunguru hawajatunyea?"

Heishichi akatikisa kichwa, kinywa kimejaa.

"Wamejizuia. Kunguru wote wa bonde hili wamejizuia tangu mavuno. Wanamsubiri msimamizi wako aje kuapa mwenyewe."

Mtu akimcheka bwana wake mbele ya kuhani, habari zitamfikia bwana. Heishichi akakaza midomo. Mashavu yakavimba, macho yakatoka maji. Kicheko kikakosa pa kutokea, kikarudi ndani, uji ukakifuata. Akakohoa mpaka bakuli likapinduka.

Kuhani akainuka. "Amepaliwa."

Shamba likawa letu. Tonai alitaka kuruka, lakini Heishichi alikuwa bado chini, mkono kifuani.

"Mzee, mimi sikudanganya," alisema. "Baba yangu alinionyesha mpaka kwa kidole chake. Alisema mto. Niliapa ninachokijua. Sasa nitamwambia nini bwana?"

Askari wa msimamizi walikuwa tayari mlangoni, wakamchukua, hata kofia yake hakuivaa.

Kijijini tulimbeba Tonai mabegani tukamwaga pombe. Tukamwambia asimulie alivyomkomesha yule mwongo. Alisimulia yote, ya pua, ya kunguru, ya uji, na mimi nikayaongezea chumvi pale alipopunguza. Alipomaliza akaweka kikombe chini.

"Nilipoapa nilisema Heishichi ni mwongo," akasema. "Hapo nilikosea."