Jioni Niliyomwonyesha Baba Mwezi

Upumbavu wangu mkubwa, mwanangu, niliufanya nimesimama wima, nimevaa viatu vya shule, tena nikijiona bingwa. Mimi huyu unayemjua, nisiyetoka hata kwa harusi ya jirani, nilikuwa na domo enzi hizo.

Nakumbuka jioni ile kama ya jana. Miaka ya hamsini, nimerudi Mpanda likizo kutoka sekondari Tabora. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na darubini ya kutazamia nyota, na kazi yangu ilikuwa kuibeba na kuipangusa vumbi. Basi nikarudi nyumbani mtaalamu wa mbingu! Kwa kuibeba tu. Punda wa sukari naye angejiita mpika chai.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale mtaani Kashaulili, na ndiye aliyewatazamia watu mwezi wa Idi. Akisema "ule pale", ngoma inapigwa. Ubavuni mwake husimama jirani yetu Mzee Pius, Mpimbwe kwa kabila, mkulima wa mpunga, Mkatoliki wa kushika rozari.

"Pius, wewe hufungi, mwezi wetu unautafutia nini?" watu humtania.

"Nautafutia pilau."

Likizo ile nilimwona akimtungia baba uzi kwenye sindano. Nikadhani baba kawa mvivu.

Jioni ya mwezi ilipofika, nikamsogeza Mzee Pius pembeni ili mtaalamu asimame karibu na baba. Jua likazama nyuma ya vilima. Mkono wa baba ukapapasa hewani, ukagusa bega langu, ukasitasita. Kisha akanyoosha kidole.

"Ule pale."

Nikacheka. "Baba, hapo kuna mti tu! Mwezi uko kushoto kwako, hata mtoto anauona."

Wote wakageuka. Ulikuwepo, mwembamba kama kucha. Watoto wakacheka nami, watu wazima wakatazama chini. Baba akashusha kidole polepole. "Kweli, mwanangu. Umeona vizuri."

Hakutoka tena kutazamia mwezi. Cherehani akaifunika kanga, na kabla ya Ramadhani nyingine tulimzika.

Siku ya mazishi ndipo nikajua: miaka yote ile Mzee Pius alikuwa akimshika kiwiko na kumgeuza kidogo, hadi uso wake uelekee mwezi. Mtaa mzima ulijua. Asiyejua alikuwa msomi.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mwanangu, ukirudi nyumbani na elimu yako, kabla hujasahihisha mtu mbele za watu, tazama kwanza nani kamshika mkono, na kwa nini. Mungu akupe macho mazima, na yakichoka, akupe wa kukuazima yake bila kukutangaza.

Tulipotoka makaburini nilimuuliza Mzee Pius kwa nini hakuniambia. Hakusimama. Alinijibu akitembea:

"Macho yake tulikuwa sisi. Wewe ukaja ukayatoboa."