King'ora Kilichoharibu Posa Yetu Iringa

Aibu hii nimeificha muda mrefu, ila mke wangu huivujisha kila tukipata wageni, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, angalau mimi sitaongeza chumvi.

Mimi ni fundi pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Shule niliishia darasa la nne, lakini redio ya marehemu baba niliifungua na kuifunga mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa sina hata meno ya mbele (iliimba kuliko mwanzo, waulizeni ndugu zangu), na leo natengeneza ving'ora vya mabanda ya kuku. Ndani naweka bodi ndogo kama kiberiti, ndiyo ubongo wenyewe. Unaiunganisha na laptopu kwa waya wa USB, unaiandikia kazi yake, basi. Mlango wa banda ukiguswa na mwizi, king'ora kinalia. Na kwa kuwa wateja wa sokoni wanapenda kelele, niliiandikia kwamba kila bodi ikiamka, king'ora kilie kwanza dakika nzima, mtu ajue kanunua kitu.

Mwanangu Ambakisye alipopata mchumba Iringa, Neema binti Mzee Kihwele, alitanguliza king'ora kimoja kama zawadi. Siku ya posa yeye akabaki Mbeya akisubiri simu, tukaenda mimi, mke wangu na mshenga wetu, Mzee Kajuni, ambaye alianza kunionya basi halijatoka hata Mbeya.

"Baba Amba, leo kazi yako ni moja tu, kunyamaza. Ukianza kujisifu, mke hatupati."

Nikakubali. Ila laptopu niliibeba (bila laptopu najiona kama nimetoka bila suruali).

Tumekaa sebuleni, salamu za kamwene zimeisha, mshenga anasafisha koo aanze, Mzee Kihwele akasema kwa ukarimu tu, "Kile chombo cha kijana wenu, tangu kifungwe, wiki nzima kimya."

Kimya! Kazi ya mikono yangu! Mzee Kajuni akanivuta koti, mimi nimeshasimama. "Dakika mbili tu, mzee wangu." Boksi la king'ora lilikuwa pale pale ukutani. Nikachomeka USB, nikafungua programu, na bodi hizi ukifungua mawasiliano na kompyuta zinaanza upya, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, nami nimeshawaambia hii ikiamka inafanya nini.

Kikalia. Mbwa wakadakia, kuku wakapiga kelele. Kwa kiwewe nikasahau ile dakika niliyoiandika mwenyewe, nikadhani kimeharibika, nikafunga programu na kuifungua tena: dakika nyingine tangu mwanzo. Nikabonyeza kitufe cha kuanza upya: nyingine. Jasho likanitoka, nikachomoa umeme ukutani, nikatangaza, "Nimekizima!"

Hakikuzimika. Sauti ilishuka tu ikawa ya mbuzi anayechinjwa, kwa sababu waya wa USB nao unapitisha umeme (nawafundisha wateja hilo kila siku!), kilikuwa kinanyonya laptopu yangu.

Hapo majirani wakaingia na marungu, mama mmoja na mwiko wenye ugali, wakamkuta mgeni kang'ang'ania boksi la kuzuia wezi. Jamaa mmoja akanikunja kola. "Huyu hapa!"

"Mwizi gani anavaa tai?" akauliza yule mama wa mwiko.

"Ndio wa siku hizi hao!"

Mke wangu akajifunika kanga usoni. Mshenga akaangalia sakafu. Nikaona kabisa mwanangu anakosa mke kwa ajili yangu.

Bibi yake Neema, aliyekuwa amejikalia mkekani, akanyanyuka polepole, akachomoa waya kwenye laptopu. Kimya.

"Baba," akaniuliza, "wiki hii mwizi alikuja?"

"Sijui, bibi."

"Hakuja. Sasa ulitaka kilie cha nini?"

Mzee Kihwele alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. "Mkwe wangu, mimi nilikuwa nakisifia!" Niliposikia "mkwe", nikajua mke tumempata. "Majirani, msiondoke. Ilikuwa tuwaiteni, mmejileta. Kaeni mshuhudie posa." Yule jamaa wa kola akapewa kiti kando yangu, akaninyooshea na tai.

Sasa wajukuu ni wawili, na mtaa ule naitwa Mwizi wa Tai. Ile dakika nimeifuta. Siku hizi bodi ikiamka king'ora kinasema "pi" mara moja na kutulia. Nami nimeapa, nikienda Iringa laptopu inabaki Mwanjelwa, na mtu akitaja kifaa changu namuuliza kwanza kina tatizo gani, nikiwa nimekaa. Ila kuku wa Mzee Kihwele hajaibwa hata mmoja mpaka leo, na hilo, jamani, siwezi kulinyamazia.