Mbwa wa Al Wukair Hawajui Jiwe

Walipomuuliza kwenye usaili jijini Nairobi anaogopa nini, Pamela Nyaboke alijibu, "Namwogopa Mungu tu." Wenye ofisi wakacheka, wakampitisha, na baada ya miezi michache akawa amevaa sare ya ulinzi kwenye lango la makazi ya wanawake huko Al Wukair, nje kidogo ya jiji la Doha. Mwaka ulikuwa 2012. Jibu lile lilikuwa zuri, ila halikuwa kweli yote. Nyaboke alimwogopa Mungu, ndiyo, lakini mbwa aliwaogopa zaidi, kwa sababu Mungu hakuwahi kumuuma.

Mbwa wa jirani alimrarua paja akiwa darasa la kwanza, kwao Nyamira, na sindano alizodungwa baadaye zilimfanya akimbie kila alipoona koti jeupe. Tangu hapo alibaki na silaha moja, ile iliyo mikononi mwa kila mtoto wa kwao: mbwa akikujia, usikimbie. Inama kama unayeokota jiwe. Hata kama jiwe halipo, inama. Mbwa wa Nyamira huijua ishara hiyo tangu hajafumbua macho vizuri. Atakunja mkia aende zake. Nyaboke alisafiri na silaha hiyo hadi Uarabuni, na hakumwambia mtu.

Makazi yenyewe yalikuwa majengo matatu ndani ya ukuta, wakilala humo wanawake wa hoteli, wa usafi na wa kutunza wagonjwa. Mwanamume hakuvuka lango. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kiwanja kikubwa kitupu, mchanga mgumu na vifusi, na mbele yake nyumba mpya zilizokuwa zikijengwa. Katika vifusi hivyo liliishi kundi la mbwa wasio na mwenyewe. Kiongozi wao alikuwa jike la rangi ya mchanga, sikio moja limepasuka. Wanawake walimwita Madam, kwa kuwa alipovuka barabara hakuangalia kushoto wala kulia; magari ndiyo yaliyomsubiri.

Siku moja Chelsea, msichana wa mapokezi katika hoteli moja, alishuka kwenye basi la zamu, mfuko wake ukapasuka na machungwa yakatawanyika barabarani. Aliinama kuyaokota. Kufumba na kufumbua Madam alikuwa pembeni yake. Chelsea akapiga teke na kupiga yowe, na mbwa akamuuma kwenye shavu la mguu. Nyaboke aliyaona yote kutoka langoni. Miguu yake ilikataa kusogea, kana kwamba imemwagiwa zege.

Kesho yake msimamizi wao, Githinji, alileta kizimba cha vyuma kilichoazimwa kutoka baladiya, yaani halmashauri ya mji.

"Watu wa baladiya watakuja kumchukua akishanaswa," alisema. "Lakini wanaume kushinda wamejibanza mbele ya makazi ya wanawake, hapana, hawawezi. Kwa hiyo mwindaji ni wewe."

"Mimi, afande?"

"Jana ulisimama tu ukitazama mtoto wa watu akiumwa. Nyaboke, mlinzi anayeogopa mbwa kampuni haimweki. Hadi Alhamisi ijayo Madam awe ndani ya hicho kizimba. Asipokuwamo, nitakuombea tiketi ya kurudi nyumbani."

Githinji hakuwa mtu mbaya. Alipofika kwenye gari aligeuka. "Na usiende peke yako. Hii ni kazi ya watu wawili. Mmoja wa chambo, mmoja wa kamba."

Kamba ilikuwa ya lazima. Kibao ambacho mnyama hukikanyaga ili mlango ujifunge kilikuwa kimeganda kwa kutu, hivyo mtu alipaswa kuuvuta mlango kwa mbali. Nyaboke akamtafuta mwenzake wa zamu, Cherotich, aliyejisifu mchana kutwa kwamba alichunga ng'ombe porini.

"Wewe Mkisii unaogopa hata paka," Cherotich alimcheka. "Kwetu fisi akija tunamuuliza anataka nini. Nipe kamba hiyo!"

Jua lilikuwa linaelekea magharibi walipokivusha kizimba barabarani na kukiweka ukingoni mwa kiwanja. Waliweka ndani vipande vya kuku, wakajibanza nyuma ya rundo la mchanga. Punde vichwa vikachomoza katika vifusi. Madam alitangulia. Alikizunguka kizimba, akakinusa chuma, akakataa. Halafu akainua pua, akatazama palepale walipojificha.

Nyaboke alisikia mchanga ukichapwa nyuma yake. Alipogeuka, Cherotich alikuwa ameshavuka barabara. Yule aliyewahoji fisi alipita langoni kama mshale, na komeo likalia ndani.

"Cherotich! Fungua!"

"Kimbia upande ule mwingine!" sauti ilijibu nyuma ya chuma. "Nikifungua wataingia!"

Mbwa walikuja wametandaa, bila kubweka. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana mbwa wa kwao hubweka kwanza, ukapata kujua wanachotaka. Nyaboke alikumbuka silaha yake. Aliinama, mkono ukagusa chini kama unaookota jiwe.

Mbwa wakaongeza mbio.

Hakuamini macho yake. Aliinama zaidi, akakwangua mchanga kwa vidole, nao wakazidi kuja, ndimi nje. Kadiri alivyozidi kuwatisha ndivyo walivyozidi kumkaribia.

"Simama!" sauti ya mwanamke ilipasuka kutoka juu. "Simama wima! Usiiname, banange, jamani, usiiname!"

Nyaboke alisimama. Alisimama kama nguzo, macho yamefungwa, mikono imebanwa mbavuni. Pumzi za mbwa zilimzunguka magoti. Kisha zikapungua. Alipofumbua macho, Madam alikuwa ameketi hatua chache mbele yake, akimtazama kama mteja aliyecheleweshewa chakula. Baada ya muda akapiga miayo, akaondoka na kundi lake.

Aliyepiga kelele alikuwa Faridah, dobi wa makazi yale, mwanamke wa Iganga, Uganda, ambaye kutwa alikuwa darini akianika mashuka. Alimfungulia Nyaboke lango na kumketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Wewe ulikuwa unafanya nini pale?" Faridah aliuliza.

"Nilikuwa naokota jiwe. Ili wakimbie."

Faridah alimtazama, akaangua kicheko, kisha akakimeza alipoona machozi. "Dada yangu, mbwa hawa hawajui jiwe. Mimi nawaona kila siku nikiwa juu. Wale mafundi wa nyumba mpya, saa ya chakula wanakuja na wali uliobaki, wanainama, wanauweka chini. Mbwa hawa wamezaliwa hapo. Wao mtu akiinama, wanajua chakula kimefika."

Akilini Nyaboke alimwona tena Chelsea akiinama juu ya machungwa yake.

"Kwa hiyo Madam hakwenda kumuuma?"

"Alikwenda kula. Akapigwa teke. Hata mimi ungenipiga teke mezani ningekuuma."

Ndipo Nyaboke alipojua la kufanya, na kujua kwake kulimwongezea hofu badala ya kuipunguza. Madam hakuiamini nyama iliyolala ndani ya chuma. Aliuamini mgongo ulioinama. Basi ingebidi mtu ainame nyuma ya kizimba, upande uliozibwa, apitishe wali kati ya vyuma, na abaki ameinama hadi Madam aingie kwa mdomo wa mbele kuufuata. Madam angekuwa ndani. Lakini wale wengine wangekuwa nje, pamoja naye.

"Nishikie kamba," alimwambia Faridah.

"Mimi? Mimi ni Mwislamu, nasali. Mate ya mbwa yakinigusa ni najisi, kuosha mara saba, moja kwa mchanga. Sitamgusa, wala sitagusa alichokiramba."

"Kamba haina mate."

Faridah alifikiri. "Wewe unaogopa meno, mimi naogopa mate," alisema mwishowe. "Tukigawana hivyo, labda tutammaliza."

"Na ukikimbia?"

"Nikikimbia, nani atakuokota?" Faridah alijibu, na halikuwa jibu la kumtuliza mtu.

Jumatano, baada ya sala ya Alasiri, waliukoroga wali wa jikoni na ngozi za kuku na mchuzi, kama ule wa mafundi. Faridah alijibanza nyuma ya rundo la mchanga, kamba imezungushwa kiganjani. Walikwisha kukubaliana: Nyaboke asigeuke na asiinuke mpaka asikie mlango ukianguka. Akiinuka mapema, Madam atatoka, na hatadanganyika mara ya pili.

Nyaboke alipiga magoti nyuma ya kizimba, akainama.

Walikuja. Safari hii aliwaona kupitia vyuma, kichwa chini: miguu, vumbi, miguu. Alipitisha sahani ndani, wali ukimwagika. Madam alifika kwenye mdomo wa kizimba, akasimama. Alinusa chuma. Kisha akautazama ule mgongo ulioinama na kuingiza miguu ya mbele.

Vuta, Nyaboke alisema moyoni. Vuta sasa.

Mlango haukuanguka. Kitu kilipumua nyuma ya goti lake. Pua baridi iligusa kifundo cha mguu, pua nyingine ikamgusa kiunoni, mahali pale shati lilipochomoka. Kovu la pajani lilimwasha kana kwamba ni la jana. Hakusikia chochote kutoka kwa Faridah: hakuna kikohozi, hakuna mchakacho wa mchanga. Vipi kama amekwenda? Vipi kama komeo limeshafungwa na yeye ameinama hapa peke yake, amejitandika kama mkeka wa kulia chakula? Alitaka kupiga yowe, lakini akakumbuka yowe la Chelsea. Ulimi wenye joto ulimpitia kiganjani, taratibu, ukitafuta mchuzi katikati ya vidole. Meno yaligusa ngozi yake, yakaacha, yakagusa tena.

"Ee Nyasae," alinong'ona, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Ee Nyasae."

Madam akavuta ndani mguu wa nyuma. Akavuta na wa pili.

Chuma kikaanguka kwa kishindo. Kundi likatawanyika kama kuku, likatokomea vifusini. Nyaboke alibaki vilevile ameinama, kwa kuwa mwili ulikuwa umesahau namna ya kuinuka.

"Miguu yake ilikuwa bado nje!" Faridah alikuja mbio, kamba imemchubua kiganja. "Ningevuta mapema angetoka. Nilikuwepo, dada. Nilikuwepo muda wote."

Ndani ya kizimba Madam hakubweka. Alitazama mlango, akamtazama Nyaboke, kisha akarudi kumalizia wali. Nyaboke alishindwa kumwangalia.

Walirudi langoni, wakampigia Githinji simu. "Yuko ndani? Kweli?" Akashusha pumzi. "Basi sahau habari ya tiketi. Utabaki langoni. Baladiya watamchukua leo." Halafu akaongeza, "Wamebaki wangapi?"

"Wanne, afande."

"Mnajua kazi sasa."

Nyaboke alirudisha simu mfukoni kwa mkono ule uliorambwa. Faridah aliuona. Aliona na mate yaliyokuwa yakimetameta vidoleni, akarudi hatua nyuma. Akasimama. Kisha akachukua birika la maji, akachota konzi ya mchanga safi kando ya ukuta, na kuushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Faridah, acha. Yatakugusa. Na mimi si Mwislamu, nitanawa kwa sabuni."

"Nyamaza," Faridah alisema, akiusugua kwa mchanga kidole baada ya kidole. "Kesho tunarudi, na mimi siwezi kuwinda na mtu ambaye naogopa kumshika mkono."

Akamimina maji, akaanza kuhesabu.