Mashua ya Mzee Sebastiani Ilivyopata Motere

Sifa ni za Mungu aliyeumba ziwa na samaki wake, akanipa mikono ya kufanya kazi kando yake na uzee wa kuikumbuka.

Nilianza kazi muda mfupi baada ya uhuru, katika atelye, karakana ya mashua karibu na bandari ya Bujumbura. Nilifika nikitoka shule ya misheni, nimevaa shati jeupe. Mkubwa wa atelye, tuliyemwita Shefu, Mkongo wa Uvira mwenye sauti ya chini, aliliangalia shati lile, akanipa kopo la grisi.

"Shika, mutoto wa padri. Leo utabatizwa mara ya pili."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua motere, injini ya kusukuma mashua. Wateja karibu wote walitaka kubwa. Shefu aliangalia kwanza mashua: uzito wake, unene wa mbao zake na kazi yake. Anayevua sangala kwa kuburuta ndoano nyuma ya mashua anahitaji mwendo wa mtu anayetembea. Motere kubwa ukiipunguza mwendo hivyo hukohoa na kuzimika, na uzito wake huididimiza mashua upande wa nyuma.

Siku moja akaja Mzee Sebastiani wa Kanyosha pamoja na Leonardi, mwanawe wa mwisho. Kaka zake walikuwa wamekwisha kwenda kufanya kazi kwenye meli za uvuvi za Wagiriki. Leonardi naye alikuwa amemwambia baba yake wazi kwamba bila motere ataondoka, na mzee asingeweza kupiga kasia peke yake.

"Tupe ile kubwa, Shefu!" Leonardi alisema.

"We unataka kwenda mbio, ao unataka kurudia nyumbani?"

Tulicheka, na Leonardi akacheka nasi. Ikachukuliwa ile ndogo.

Lakini mashua yao ilikuwa na ncha mbele na nyuma, kama nyingi za zamani. Motere hubanwa kwenye tablo, yaani ubao wa nyuma uliosimama wima. Ilibidi ncha ya nyuma ikatwe. Mzee akaweka kiganja juu yake.

"Apana. Hii mashua alitengeneza baba. Mi siwezi kukata baba yangu. Funga motere huku pembeni."

Nilidhani Shefu atabisha. Hakubisha. Alifunga boriti pembeni kama alivyoombwa, tukaingia majini sote wanne. Mashua ikawa inajipinda upande mmoja kama mbuzi anayevutwa sikio. Wimbi likainua ubavu, na elise, zile panga zinazosukuma maji, ikatoka nje ikapiga kelele. Wimbi lililofuata likatulowesha. Leonardi akazima motere, akashika kasia, akaturudisha ufukoni. Mzee alimtazama mwanawe akipiga kasia hadi mwisho.

Tulipofika mchangani akasema, "Shefu, leta musumeno."

"Mashua ni yako, Mzee. Tukate kweli?"

Mzee alivua kofia, akasali. Akauvuta msumeno mara ya kwanza yeye mwenyewe, halafu akampa Leonardi.

Tuliweka tablo ya mvule. Tulipima ili kibati kilicho juu ya elise kikae chini kidogo ya tumbo la mashua: motere ikiwa juu mno elise humeza hewa, ikiwa chini mno huburuta maji bure. Tukaifunga pia kwa kamba, ili vibanio vikilegea isizame.

Wakati huo mzee alikuwa ameufungia mti wa ile ncha ndani ya koti lake aende nao nyumbani. Shefu akamwendea.

"Usipeleke kwa nyumba, Mzee. Tablo inaomba mutu wa kuishikilia kwa ndani."

Tukauchonga mti ule, tukaupigilia ndani, kati ya tablo na sakafu, mahali panapopokea msukumo wote wa motere. Mzee akaupapasa.

"Basi baba bado iko ku kazi," alisema, akapanda. Leonardi akawasha.

Leonardi hakwenda kwa Wagiriki.

Baadaye nilihamishiwa idara ya uvuvi, chini ya mkurugenzi aliyetaka kila kazi iishe jana. Alikuwa mtu mwema, nami nilimtii. Ila kabla ya kukata mashua ya mtu, nilimwuliza mwenyewe na kumngoja, hata mkurugenzi akipiga honi nje. Sasa nimestaafu. Shefu wangu alikwisha kuzikwa Uvira, nami humtaja kila asubuhi katika sala.

Wewe unayesoma haya, Mungu akupe mkubwa wa kazi mwenye subira kama wangu. Na kila utakakokwenda, akurudishe nyumbani.