Kuyapima Maji ya Kwa Nyambura

Siku ya kwanza niliambiwa nivue viatu. Nilikuwa nimestaafu karibuni kutoka shamba la maua kule Naivasha, ambako miaka yangu yote nilisimama mezani nikipanga waridi kwa gredi. Kwa kuwa tuliitwa kwenye mafunzo, nilikwenda na viatu vya kanisani. Mratibu wetu, binti wa rika la mwanangu wa mwisho, aliitazama miguu yangu, akatabasamu, akanipa gambuti zilizonizidi kidogo.

"Mathe," akasema, "hapa mwalimu ni tope. Ingia polepole usiwashtue wenyeji."

Wenyeji aliowasema walikuwa vyura.

Ndivyo nilivyoingia kazi ya kujitolea ya kuchunguza afya ya ardhioevu, yaani mahali pale ambapo maji na nchi kavu havijawahi kukubaliana mpaka: ukingo wa ziwa, vinamasi, chemchemi. Kazi yenyewe haina mshahara. Majirani zangu wa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, waliuliza kama nimekosa wajukuu wa kulea, nikawajibu kwamba wajukuu nao hunywa maji.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa hapohapo Kamere, karibu na mahali wavuvi wanapoegesha mashua zao. Tulikuwa na mrija mrefu wa plastiki unaopitisha mwanga, wenye alama nyeusi chini. Unaujaza maji, unachungulia kwa juu, kisha unayapunguza kidogo kidogo mpaka alama ionekane. Maji yakiwa safi, alama utaiona hata mrija ukiwa umejaa. Tulikagua pia mafunjo, yale matete marefu yenye vichwa kama nywele zilizotimka, kwa sababu ndiyo huchuja udongo kabla haujafika ziwani. Yakikatwa ovyo, ziwa hunywa tope.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mzee aliyestaafu reli, na reli haikuwa imemtoka. Saa ya kukutana ilikuwa saa ya kukutana. Mara moja nilimwambia kwamba maji yalikuwa mazuri kwa sababu nilitaka yawe mazuri, akanirudisha ziwani. "Mama Auma," akasema, "andika ulichokiona. Ulichokitamani kiombee kanisani."

Kisha ziwa likapanda. Lilikuja bila fujo, kila asubuhi likisogea kidogo, mpaka likaingia nyumba niliyopanga. Nikahamia juu milimani, kwenye kiploti nilichonunua nikiwa bado kazini, katika shamba la zamani la mzungu lililogawanywa. Sikuwa na mtu huko. Aliyenipokea ni jirani yangu Nyambura, mjane, aliyekuja na moto kwenye jiko na sukuma wiki kwapani, akakaa mpaka chai ikaiva. Tukawa hatuachani. Kanisani tulikaa benchi moja.

Chini ya shamba la Nyambura kulikuwa na chemchemi iliyozungukwa na kinamasi. Mwenyekiti aliposikia nimehamia huko, akanipa hicho kuwa kituo changu cha pili. Hapo nilijifunza kazi niliyoipenda kuliko zote, ya kutumia kimia, yaani wavu mdogo. Unakiingiza majini, unakoroga tope kwa mguu, kisha unamwaga ulichokinasa kwenye sinia jeupe na kuangalia nani anatambaa. Kuna vijidudu vyenye mikia mitatu myembamba ambavyo havivumilii uchafu hata kidogo, ukiviona, furahi. Kuna minyoo myekundu inayoishi hata pale ambapo wengine wameshindwa. Ukiiona peke yake, kaa chini ufikirie. Wakati ule sinia langu lilijaa mikia.

Wana wa Nyambura walikua, wakaoa, na shamba halikukua. Msimu mmoja nikakuta wamechimba mitaro kukausha kinamasi wapande viazi. Nilipotia kimia, nikapata minyoo tu, na maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Kazi yetu ilikuwa kupeleka taarifa, na taarifa hizo hufika kwa maafisa wa mazingira. Nilikwenda kwa Mwenyekiti nikiomba kwa moyo wangu wote aniambie nikae kimya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Taarifa lazima iende," akasema. "Lakini yeye asiisikie kwa afisa. Mwendee kwanza wewe."

Nilimkuta Nyambura akikamua ng'ombe. Nilimweleza nilichokiona na kwamba nitakiandika. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kama Mama Auma," akauliza, "ama kama serikali?"

Nikamwambia nimekuja kama mtu anayeteka maji mahali pamoja na yeye. Akasema wanawe hawali vijidudu. Niliondoka nikilia, na Jumapili iliyofuata alihama benchi.

Taarifa ilikwenda. Afisa mmoja alikuja, akatazama, akaonya, akaenda zake. Hakuna kilichobadilika isipokuwa kwamba sasa hata wakwe zake hawakunisalimu. Nilifikiria kuiacha kazi, na Mratibu akanisihi nipumzike tu.

Kiangazi kilipokuja, viazi vilinyauka mapema, kwa maana udongo ule uliokaushwa ulipasuka kama kisigino. Chemchemi ikawa inatoa uzi wa maji. Ng'ombe wa Nyambura wakapelekwa mbali kunywa, na mmoja akafia njiani. Nilikwenda kumpa pole. Aliniomba nimwonyeshe ninachokifanyaga na kile kimia.

Tulishuka pamoja. Nilimwaga tope kwenye sinia, akainama, akaitazama minyoo. Hakuniomba msamaha, nami sikuutaka. Aliuliza kitu kimoja tu: wale wengine wenye mikia wanaweza kurudi?

Sikujua, na nikamwambia hivyo.

Wanawe waliziba mitaro kwa magunia ya udongo, si yote. Pembe moja ya juu walibaki nayo kwa viazi, na pembezoni mwa kinamasi wakapanda nduma, yale magimbi yanayopenda kulowa. Mratibu alisema kazi hii ukingoja ushindi mzima utazeeka bure. Misimu miwili ya mvua baadaye, kijidudu kimoja chenye mikia mitatu kilijikunja katikati ya sinia. Nyambura ndiye aliyekiona kwanza.

Sasa nakaa Nakuru kwa binti yangu. Magoti yamekataa tope. Kituo kilikwenda kwa Nyambura, nami nasikia kwa Mwenyekiti kwamba ni mkali kuliko mimi. Kwenu mnaoanza kazi hii, nitasema hivi: vifaa mtafundishwa kwa asubuhi moja. Kigumu ni kumwambia jirani unayempenda jambo asilolitaka, kisha uendelee kuwa jirani yake.

Juzi Nyambura alinipigia simu asubuhi. Alisema ninyamaze, akainyoosha simu hewani. Nikasikia upepo, kisha sauti nzito, kama mtu anayepuliza baragumu ndani ya mtungi, na nyingine ikiijibu. Korongo wenye taji, ndege wasiotaga ila penye kinamasi kizima. Walikuwa wawili, alininong'oneza, na wamejenga kiota katikati ya kinamasi.

"Umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Basi niache nifanye kazi," akasema, akakata simu.