Watoto Wawili Mpakani Goli

Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu. Sikuhadithiwa na jirani. Ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, ndipo unisikilize.

Mimi nauza vitenge hapa Bunia, Kongo, nakaa mtaa wa Lumumba. Nilizaa mapasa, wasichana wawili pacha, Apio na Acen. Apio alitutoka kwa malaria akiwa na miaka mitatu. Kwa akina mume wangu, ambao ni Waalur, pacha hasemwi kuwa amekufa. Ukimnunulia mmoja nguo, unanunua mbili. Mkitoka kwenda safari, mnasimama mlangoni mnamwita kila mmoja kwa jina, aliyeko na asiyeonekana, mnamwambia mnakokwenda. Mimi mambo hayo sikuyataka. Si kwa sababu ya kanisa, nisikudanganye. Nilishindwa tu. Kila nikilitaja lile jina kidonda kilitoneka, basi nikalifungia kinywani miaka minne.

Vakansi kubwa ya shule ilipofika, tukapanga kumpeleka Acen kwa koko yake, mama wa mume wangu, mjane anayeishi peke yake ng'ambo, Uganda, si mbali na mpaka. Barabara ya Mahagi, ya kwenda mpakani, ilikuwa imetulia wiki ile, bila mapigano. Koko akapiga simu: "Mama Mapasa, usisahau kuniletea bote babili." Nikamjibu ndiyo, nitawaleta wote wawili, ilimradi akate simu. Asubuhi ya safari mume wangu alisimama mlangoni akinitazama, akingoja. Nikafunga kufuli, nikasema gari litatuacha.

Ndani ya gari mume wangu alikaa mbele; nyuma, Acen alijibana kwenye dirisha, akaacha nafasi kati yangu na yeye, nafasi ya kumtosha mtoto. Nikimvuta karibu, anarudi kulekule. Dereva alitaka kuweka kapu la abiria mwingine pale.

"Hapana, papa," Acen akamwambia. "Hapa iko mutu."

Dereva akacheka. Mimi nilijitia sikusikia. Mtoto wa miaka saba ana michezo yake, si ndiyo?

Tulifika Goli, mpakani, saa tisa. Upande wa Uganda uko mbele kwa saa moja, kwa hiyo kwao ilikuwa tayari saa kumi, na sote tulikuwa na haraka. Nikaweka karatasi zetu mezani, upande wa Kongo. Afisa, kijana mpole mwenye miwani, akatazama nyuma yangu, kwenye benchi.

"Mama, batoto iko babili. Juu ya nini unaandikisha moya?"

"Niko na moya tu, shefu."

"Na ule wa robe nyeupe, anashikana mukono na mwenzake, ni wa nani?"

Nikageuka. Acen alikuwa peke yake kwenye benchi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umefumbata hewa. Sasa niambie wewe: nani alimweleza yule kijana kwamba Apio tulimzika na gauni jeupe?

Alidhani natorosha mtoto wa watu. Akamwita mwenzake aje ahesabu. Mwenzake akaona mmoja, akamtania kwamba ni njaa, aende kwanza akale. Yule wa miwani hakucheka. Alipiga muhuri, akanirudishia karatasi bila kunitazama usoni. "Pole, mama," akasema polepole.

Kati ya nchi hizi mbili kuna kipande cha barabara cha kutembea kwa miguu. Hapo katikati Acen alisimama, kisha akakaa chini, taratibu, bila kulia.

"Apio anasema haendi. Mama hakumuita. Na miye nitabakia naye."

Nilimgusa shavu. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikamnyanyua, kichwa kikaanguka begani mwangu. Nikamwita Acen, Acen, hakuitika. Niamini, vita nimeviona na kukimbia nimekimbia, lakini sijawahi kuogopa namna ile. Nilishazika mmoja, nilijua mtoto anavyokuwa mzito anapoondoka.

Mume wangu akatua mabegi. Hakunigombeza.

"Muite," akasema. "Anangoja weye."

Nikaita. "Apio. Apio mwanangu. Tunaenda kwa koko. Kuja, twende."

Watu walikuwa wanapita na mizigo yao, wengine wananikwepa. Ndipo kitu kidogo chenye joto kikaingia kwenye kiganja changu, vidole vitano, kikanishika. Sikuangalia chini. Niliogopa kitaniachia. Begani, Acen akashusha pumzi, akasema anasikia njaa. Tukavuka nikilia waziwazi, na sikuona haya.

Koko alikuwa ametandika sahani mbili za watoto. Tulikaa kwake mwezi mzima, kwa amani. Siku ya kurudi nikasimama mlangoni pake, nikawaita wote wawili kwa majina. Acen akaja mbio. Mkono wangu wa pili ulibaki mtupu. Nilingoja, nikaita tena.

"Wacha, mwanangu," koko akaniambia. "Mumoja abakie na miye."

Garini, Acen alikaa katikati ya kiti, akalala mapajani mwangu hadi Bunia.

Sasa ni miaka miwili. Acen ni mzima, anasoma. Nikinunua nguo nanunua mbili, moja inakwenda ng'ambo, na wauzaji wenzangu sokoni wananicheka wanavyotaka. Kila Jumapili koko anapiga simu. Nikimuuliza habari, yule mjane wa nyumba ya mtu mmoja ananijibu, "Siye bote babili tuko bazima." Kisha anaiweka simu kitandani, anatoka nje, nami namwambia Apio maneno yangu ya mama.

Basi wewe uliyezika mtoto ukalifungia jina lake kinywani, ukifunga mlango kwa safari, waite wote. Mimi nilisubiri mpaka mgeni mwenye muhuri aniambie kwamba nina watoto wawili, na mimi ndiye niliyewazaa.